Sikio la Goma

"Pembeni, Baba Hinako! Katikati pamekuwa jiwe, pembeni pangali unga."

Masanobu alisogea pembeni, akaendelea kukanyaga. Alikuwa juu ya kasha la mbao lenye kimo cha watu wawili, akishindilia theluji ya mwisho kwa mabuti. Alikuja ukweni kutoka kusini, kwenye mashamba ya machungwa, akachukua jina la ukoo wa mkewe kwa kuwa nyumba haikuwa na mtoto wa kiume. Hii ilikuwa baridi yake ya tisa hapa, na kila baridi kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Kuchonga sanamu kulikuwa kwa mama mkwe wake, Bi Shigeno, mwenye miaka sabini na minne, ambaye sasa alisimama chini akimwelekeza kwa beleshi.

Mwaka huu Masanobu alitaka kuchonga. Hakuwa amemwambia mtu.

Mbao zilipobomolewa, Bi Shigeno alipanda ngazi na kisu chake kipana, na paka akaanza kutoka ndani ya theluji: mgongo, mabega, kisha kichwa. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na sanamu yake. Jirani wa mbele alikuwa na samaki ambaye hadi sasa alifanana na gunia. Kesho adhuhuri mji mzima ungepita kutazama.

Hinako, binti wa miaka minane, alitoka ndani akiwa amemkumbatia Goma, paka mwenyewe, mnene na mwenye hasira.

"Bibi, mtazame vizuri!"

"Mgeuze. Sikio la kushoto."

Goma aligeuka mwenyewe, akamparura Hinako glavu, akakimbilia ndani.

"Hana shukrani," alisema Bi Shigeno. "Anajengewa sanamu, yeye anataka blanketi."

Sayo, mke wa Masanobu, aliyekuwa akigawa matonge ya wali wa kuchoma, alicheka hadi tonge moja likaanguka.

Alasiri mawingu yalishuka. Hapakuwa na kivuli. Weupe ulikaa juu ya weupe, na shavu halikupambanuka na paji.

"Mama, ngoja nilete taa," Sayo alisema.

"Taa ya nini? Paka huyu namjua hata nikifumba macho."

Kisu kikazama kupita kiasi. Sikio la kushoto liliteleza kando ya ngazi, likapasuka miguuni mwa Masanobu.

Bi Shigeno alichota theluji, akaibandika kwa kiganja. Ikaanguka. Akabandika tena. Ikaanguka tena.

"Basi," alisema. "Atakuwa paka mgomvi, mwenye sikio moja." Lakini sauti yake haikuwa na mzaha.

Masanobu alivua kofia, akaivaa tena.

"Mama, naomba nilirudishe mimi."

Sayo aliacha kukusanya sahani.

"Baba anaweza!" Hinako alidakia. "Ana sungura wa theluji nyuma ya ghala, kumi na wawili!"

Masanobu alitamani ardhi immeze.

"Kumi na watatu," alisema Bi Shigeno. "Mmoja yuko chini ya upenu. Miguu yao mibaya. Masikio yamesimama."

"Umewaona?"

"Kila asubuhi nikienda kufukua kabeji tulizozihifadhi chini ya theluji."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Nilikuwa nangoja useme. Miaka tisa nakuambia kanyaga, unakanyaga. Nikadhani unapenda."

Sayo alijitupa kwenye theluji kwa kicheko. Bi Shigeno aliteremka, akamshikia mkwewe ngazi.

Masanobu hakuanza na theluji. Kwanza alikwaruza pale palipovunjika, kisha akapalowesha kwa brashi. Akakoroga theluji na maji kwenye ndoo mpaka ikawa kama uji mzito, akapaka safu nene kama kidole. Akangoja igande.

"Weka tonge zima. Tutazeekea hapa."

"Tonge zima litaanguka, Mama. Safu ikishika, ndipo nyingine."

"Mm." Alitazama safu ya pili, kisha ya tatu. Halafu akachukua ndoo ya Masanobu. "Wewe paka. Nitakoroga mimi. Huu wako una madonge."

Hinako alipewa kazi ya kusema lini safu imeshika, akawa anaigonga kwa ncha ya mwiko wa mbao na kutoa hukumu, "Bado. Bado. Haya!"

Taa za barabarani zilipowaka, walikuwa na safu tano na sikio la kimo cha kiganja kimoja. Vilihitajika vitatu. Theluji mpya ilianza kudondoka.

"Tuache," alisema Bi Shigeno. "Kesho saa kumi na moja alfajiri, baridi ikiwa kali. Ncha utaichonga wewe."

"Nikikosea je?"

"Utakosea. Uji utakuwepo."

Sayo alikwisha mwingiza Hinako ndani. Masanobu alipanda ngazi kwa mara nyingine na mkeka wa majani, amfunike paka kichwa. Kabla ya kufunika, aligusa safu ya tano. Ilikuwa bado laini. Akauacha mkeka upande mmoja wazi, ipate baridi, akashuka polepole.