Majibu Yametoka

Jumanne saa nne na robo asubuhi, karani wa dirisha la tatu alimwambia fundi cherehani kwamba majibu yake yametoka. Fundi akajiinua kwenye benchi, akashika kiuno kwa mkono mmoja, na ule mwingine akaupitisha chini ya kioo, kiganja juu. Karani akakitazama kile kiganja, kisha akaendelea kuchonga penseli.

"Nipe basi," akasema fundi.

"Nikupe nini, mama? Si nimekwambia yametoka?"

"Yametoka kwenda wapi?"

"Hayakuaga." Karani akafungua daftari, akafuata mstari kwa ncha ya penseli. "Saa mbili na dakika kumi. Mlinzi ndiye aliyeyafungulia geti. Yote mawili."

Pale kwenye benchi hakuna aliyeshtuka. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane alisema ya kwake yalitoka tangu Alhamisi, na shemeji yake aliyaona yakivuka barabara karibu na benki, tena kwa adabu, yakitazama kulia na kushoto. Mwingine akasema heri hayo, ya kwake hata kuingia hayajaingia.

Karani yule aliitwa Njoo-Kesho, na hata mkuu wake alimwita hivyo vikaoni. Juu ya kichwa chake palibandikwa karatasi yenye maneno SUBIRA HUVUTA HERI. Aliyeibandika hakuwahi kukaa kwenye benchi lile. Msumari ulikuwa umechomoza katikati ya ubao, na kila mjamzito aliyekaa hapo aliondoka gauni limevutika uzi. Fundi alikuwa na sindano mkobani, akawashonea watatu palepale huku akingoja.

"Nirudi lini?"

"Njoo kesho."

Hiyo ilikuwa mara ya kumi na sita.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mimba ilipofika wiki ya ishirini, mpiga picha za tumbo alimlaza fundi kitandani, akampaka yale mafuta ya baridi, akahesabu vyumba vya moyo wa mtoto. Moyo wa binadamu una vyumba vinne. Yule bwana alihesabu vitatu, akafuta miwani, akahesabu tena, vikawa vitatu. Akasema labda cha nne kimejificha, mtoto ameweka mkono kifuani. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu kulitamka. Akaandika kipimo cha damu.

Kama moyo una hitilafu, mtoto lazima azaliwe hospitali kuu, upande wa pili wa mji, ambako madaktari wa moyo watamsubiri na mashine zao. Kama hauna, azaliwe popote. Lakini hospitali kuu haimpi mtu kitanda kwa picha peke yake. Inataka picha na majibu, na majibu yawe yamegongwa mhuri. Wiki ya ishirini na moja fundi akatolewa damu, vichupa viwili, ingawa kimoja kingetosha. Akaletewa fomu asaini, akasaini. Nani anasoma fomu sindano ikiwa mkononi? Sasa mimba ilikuwa imefika wiki ya thelathini na tatu.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake akikunja nguo za mtoto.

"Yametoka," akasema fundi.

"Yametoka yamekuja, au yametoka yameondoka?"

"Yameondoka, mama."

"Nilijua tu." Mama mkwe akalikung'uta shati dogo kwa nguvu, nusura achane mkono. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu. Na hapa tumbo tunalo."

Mume wa fundi, ambaye kazi yake ni kupaka rangi nyumba, alisema atayavizia. Asubuhi mbili mfululizo alisimama kwenye geti la hospitali na ndoo yake ya rangi mpaka jua likachomoza vizuri. Siku zote mbili majibu yakatoka kwa geti la nyuma. Siku ya tatu akawa na ukuta wa shule wa kumalizia, na mwenye kazi alikuwa ameanza kupiga simu za matusi.

Basi ikawa Ijumaa. Fundi alikuwa na mzigo wa makoti meupe thelathini ya kupeleka taasisi ya utafiti, iliyopakana ukuta kwa ukuta na maabara ya hospitali. Pale hupimwa tembe za presha, rangi za nguo, dawa za kuulia wadudu, na kila aina ya kemikali, kuona zinamfanya nini mtoto aliye tumboni. Ni kazi nzuri, hakuna anayebisha. Fundi alikuwa amewashonea kwa miaka minne, ila safari hii agizo lilikuja na jambo jipya, mfuko wa ndani, upande wa kushoto, upana wa bahasha. Alijiuliza wa nini, na nje ipo miwili mizima. Akashona hivyohivyo, maana agizo ni agizo.

Ghorofa ya tatu ilinukia spiriti. Mashine zilikuwa zikizungusha vichupa vya damu, na kando ya dirisha, juu ya viti viwili virefu, majibu yake yalikuwa yamekaa, miguu ikining'inia. Yalikuwa na kimo cha meza, yamevaa bahasha za kaki hadi magotini, na kifuani yameandikwa namba yake, 4417. Hata bila namba angeyajua. Moja lilikuwa na paji la uso la mumewe. La pili lilikuwa linauma mdomo wa chini, tabia yake yeye mwenyewe ambayo mama yake aliwahi kumchapia.

Mtafiti, mwanamke mwenye sauti tamu, alikuwa amemaliza kuyanakili.

"Aa! Kumbe 4417 ni wewe fundi wetu!" akasema. "Data yako ni nzuri mno. Hongera."

"Hongera ya nini?"

"Ni adimu. Tunahitaji kina mama elfu moja, na namba kama yako zilikuwa zimetupungukia."

"Hayo ni majibu yangu."

"Ya kwako kabisa! Nani kasema si yako? Jioni yanarudi. Tukiyaita asubuhi yanakuja, ulisaini."

Fundi aliinama mbele ya lile jibu lenye paji la mumewe. Hilo lilikuwa Tarakimu. "Niambie wewe," akalisihi.

"Moja kwa kumi na moja," likajibu kwa heshima.

"Moja kwa kumi na moja ya nini?"

"Hapo si kazi yangu. Muulize mwenzangu."

Mwenzake, yaani Maelezo, lilikuwa limeziba mdomo kwa mikono yote miwili. Haliruhusiwi kusema kabla ya mhuri. Machozi yalikuwa yakililengalenga, na fundi alipoona hivyo hasira zikampanda mpaka masikio yakaziba. Angeweza kulikaba. Lakini ungeikaba vipi sura inayouma mdomo kama wewe?

Mtafiti alikuwa na kikao. Akachukua koti jipya juu ya mzigo, akalivaa, akayakunja majibu mara mbili, akayatia kwenye mfuko wa ndani. Yakaenea barabara.

"Umeshona vizuri," akasema.

"Pindo limekaa upande," akasema fundi. "Simama nikurekebishie."

Pindo lilikuwa sawa kabisa. Fundi akaingiza vidole ndani ya koti, akatafuta fundo analolijua yeye peke yake, akavuta uzi mmoja. Chini ya mfuko pakafunguka na majibu yakadondokea mikononi mwake. Akayakunjua, akayashika mkono, moja kulia moja kushoto, akashuka nayo ngazi taratibu kwa sababu ya tumbo. Getini mlinzi akaandika saa.

Daktari wa kugonga mhuri alikuwa mtu mpole mwenye kalamu nne kifuani. Fundi akayasimamisha majibu mbele ya meza yake, huku akihema.

"Umeyapata wapi?" akauliza daktari.

"Nimeyaleta mwenyewe."

"Hapo ndipo penye tatizo, mama. Majibu hayaletwi na mgonjwa. Majibu huja yenyewe. Yanapita dirisha la tatu, yanaandikwa, ndipo yanafika kwangu."

"Si haya hapa, daktari? Yaulize!"

"Yakifika nitayauliza."

Mhuri ulikuwa mezani. Kati yake na Maelezo hapakuwa na hata dhiraa moja, na Maelezo lilikuwa likiukodolea macho.

"Angekuwa mkeo je?" akauliza fundi.

Daktari akafikiri kwa uaminifu. "Mke wangu naye angepita dirisha la tatu."

Fundi alitaka kupiga kelele, na alipiga, akasema nyie hamna haya, mtoto wangu ana vyumba vitatu nyie mnacheza na madirisha. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kiti, akampa maji, akamwambia ayaache majibu yafuate utaratibu. Basi akayaachia mikono. Majibu yakatembea ukumbini hadi dirisha la tatu, yakakuta Njoo-Kesho amefunga amekwenda kula. Yakasimama kidogo. Kisha, kwa vile yalikwisha kuzoea, yakatoka.

Uchungu ulimshika Jumapili, wiki ya thelathini na saba. Mume alipiga simu hospitali kuu.

"Majibu mnayo?" wakamuuliza.

"Yametoka."

"Vizuri. Basi njooni nayo."

Mtoto akazaliwa kwenye zahanati ya mtaani, msichana, mwenye nywele nyingi. Alilia vizuri, halafu midomo ikabadilika rangi ikawa ya wino. Mkunga hakuhitaji mhuri. "Huyu ni moyo," akasema, akamfungia oksijeni, akaanza kutukana simu ya gari la wagonjwa iliyokuwa haipokelewi. Gari lilifika baada ya saa moja na dakika arobaini.

Hospitali kuu walimpokea, maana mtoto aliyezaliwa hawezi kurudishwa nyuma. Wakamweka siku kumi na tisa. Daktari wa moyo aliwaambia wazazi ukweli, na ndiye wa kwanza kufanya hivyo. Kama mtoto angezaliwa pale, wangempasua siku ya tatu. Sasa mapafu yameumia, itabidi kwanza apate nguvu. Akipata nguvu, warudi, ila waje na kipimo cha damu ya mtoto mwenyewe.

"Kipimo tu?" akauliza mama mkwe.

"Na majibu," akasema daktari.

Mtoto alipotimiza mwezi, Jumatano mchana, majibu ya mama yake yalibisha hodi. Bahasha zilikuwa zimechakaa kwenye viwiko, na kila moja lilikuwa na mhuri wa bluu katikati ya paji, wino ukiwa bado mbichi. Mama mkwe akayakaribisha, akayapa kigoda. Maelezo likashusha mikono kutoka mdomoni. Likakohoa, kwa kuwa lilikaa muda mrefu bila kusema.

"Mama ajifungulie hospitali kuu," likasema.

Wakangoja.

"Halafu?" akauliza mama mkwe.

"Basi. Ni hayo tu."

"Miezi yote hii, maneno manne!" Mama mkwe akasimama, akaweka mikono kiunoni. "Haya, mrudisheni mtoto tumboni tuanze upya!"

Majibu yakaomba radhi. Hayakuwa na pa kwenda, kwa vile majibu yakishatolewa hakuna anayeyataka tena, hata taasisi. Fundi akayatandikia chini ya meza ya kukatia nguo. Tarakimu likawa linamshikia futi kamba na kumsomea vipimo, na halikukosea hata mara moja. Maelezo ndilo lililosumbua. Lilikuwa likikaa kando ya kitanda cha mtoto na kurudia sentensi yake, polepole, mchana kutwa, mpaka baba mtu akaliomba, tafadhali sana, nimesikia.

Agizo la taasisi likaja kama kawaida, makoti thelathini. Mifuko ya ndani safari hii iwe miwili, wa pili uwe mdogo. Fundi alilisoma mara mbili, akaliweka chini ya mkasi, akatoka nje kukaa kibarazani kwa muda. Mtoto ndani alikuwa akinyonya na kupumzika, akinyonya na kupumzika, pumzi zikimuishia njiani.

Jumanne iliyofuata fundi alifika dirisha la tatu na mtoto begani. Damu ya mtoto ilikuwa imetolewa wiki tatu nyuma, vichupa viwili. Benchi lilikuwa limejaa. Msumari ulikuwa palepale.

"Majibu ya mtoto yametoka," akasema Njoo-Kesho.

"Najua," akasema fundi. "Nimepishana nayo getini."

Yalikuwa mafupi, peku, hata kutembea yalikuwa hayajajua vizuri. Tarakimu na Maelezo, yaliyotoka nyumbani mapema asubuhi ile, yalikuwa yameyashika mikono yakiyavusha barabara kuelekea taasisi, kwa kuwa njia nyingine hayakuijua. Fundi aliyaita. Yale makubwa yaligeuka, yakainamisha vichwa kumsalimu, yakaendelea.

Karani akaandika saa kwenye daftari. Mtoto alikuwa amelala, na midomo yake ilikuwa na rangi ya ule wino wa mhuri.

"Njoo kesho," akasema karani.