Posa na Gari la Mtoni

Joha wa Tanga, mjane wa miaka hamsini na mitatu ambaye mashavu yake bado yanajua kubonyea akicheka, alimtumia Shomari picha kwa simu. Shomari ni mlinzi wa ghala Jebel Ali, kwenye mji uleule wa Waarabu ambako Joha ni mfanyakazi wa ndani, naye alikuwa akitaka kumwoa. Picha yenyewe ilikuwa imetundikwa sebuleni kwa madam, mwajiri wa Joha, mtaa wa Al Barsha: nakala ya kazi ya Mwingereza John Constable, ya mwaka 1821. Farasi na gari lao wamesimama katikati ya mto, hawavuki wala hawarudi.

"Niambie gari hili linafanya nini majini," alimwandikia, "ndipo tuzungumze."

Hakuwa na makuu. Marehemu mumewe hakuwahi kuona hata Joha alipobadilisha msuko. Safari hii Joha alitaka mtu anayetazama.

Ijumaa, Gervas, rafiki yake Shomari, akabisha mlango wa jikoni, kanzu ya kuazima mwilini, rozari shingoni. Mkononi ana barua iliyofungwa kwenye leso.

"Si yako, ya madam," alisema. "Shomari kasema kafili wako, aliyekudhamini ukaingia nchi hii, ndiye mzee wako huku."

"Mzee wangu? Huyo hata chai hajui kuchemsha."

Madam akaja jikoni, akaifungua, akakuta Kiswahili kitupu, akampa Joha amsomee. Basi mposwa, ambaye angepaswa kujifungia chumbani akiona haya, akasimama na aproni yake akitafsiri posa yake mwenyewe.

"'Mheshimiwa madam, naleta posa ya kumtaka Joha. Kuhusu gari: baba yangu alikuwa na mkokoteni wa ng'ombe Kilosa. Jua likizidi, mbao za gurudumu hunywea, chuma kinacholizunguka kikalegea. Unaliingiza mtoni linywe maji, mbao zivimbe, chuma kishike. Nimeitazama picha siku nne. Mwenye gari hana haraka. Na yule mbwa ukingoni anamwangalia.'"

Hapo Joha akageuka kuitazama picha kule sebuleni. Miaka mitatu Joha akiipangusa vumbi picha ile, mbwa hakuwahi kumtia akilini.

Madam alikuwa akifuta macho. "Mchoraji huyo alimngoja Maria wake miaka saba. Babu wa binti alikuwa hamtaki. Mimi sikatai. Wewe je?"

Joha akaikunja barua, akaitia kifuani.

"Hii hairudi," akamwambia Gervas. "Amwandikie kaka yangu Tanga nyingine, ndiye mzee wangu. Na kaka nampigia simu sasa hivi, asije akajifanya babu wa Maria."