Taa Aliyetaka Sakafu

Fundi cherehani alirudi nyumbani amekumbatia mfuko wa plastiki uliojaa maji, akamwambia mkewe amenunua taa.

"Sebule ina taa mbili tayari," akajibu mkewe, huku akiendelea kukunja nguo.

"Huyu anaogelea."

Ndipo mkewe, mwalimu wa hesabu, akageuka. Mfukoni mlikuwa na samaki bapa, mpana kama kisahani, mwenye mkia wa mwiba. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba taa huyo wa mtoni hakui zaidi ya hapo.

Baada ya miezi minane taa alitoshana na sinia, na tangi la kioo alimowekwa lilikuwa lile lile, refu kwenda juu na jembamba. Akitaka kugeuka, sharti apande kioo kwanza. Maji nayo yakaanza kunuka. Fundi, kwa mapenzi yake yote, akaitoa sifongo ya chujio, akaifua kwa sabuni ya unga, akaianika juani kama shati la bwana harusi. Kesho yake maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na taa amekunja kingo zake juu.

Fundi akamwita shemeji yake, fundi bomba. Alipofika alinusa tu.

"Shemeji, nani kafua chujio?"

"Mimi. Limetakata."

"Limetakata mno. Mlikuwa na vijidudu wanaokula uchafu wa samaki. Umewaua wote. Sasa anaogelea chooni mwake."

Fundi akanywea.

"Tutabadilisha maji kila siku mpaka vijidudu warudi," shemeji akaendelea. "Na hili tangi halifai. Taa analala chini, kimo hakimsaidii. Anataka sakafu: mita mbili kwa moja na nusu, na chujio la ukubwa wa pipa."

"Kina kikiwa sentimita sitini," mwalimu akadakia, "ni lita elfu moja na mia nane. Karibu tani mbili. Bahati yetu hatukai ghorofani." Akachukua futikamba ya mumewe, akapima sebule mara mbili. "Ni sofa au samaki."

Fundi aliitazama sofa, kisha samaki. Akaanza kuvua vitambaa vya sofa.

Wiki sita baadaye walimhamishia kwenye tangi jipya, palipokuwa na sofa. Taa alitulia kidogo, akapunga kingo zake, akazunguka duara zima bila kugusa ukuta, kisha akarudia, na kurudia tena. Wote watatu walimtazama wima, maana pa kukaa hapakuwapo.