Mastura Arudi Hewani

Kipindi kilikuwa kimeshaanza Shabbar alipochungulia studio akamwita Hafsa, mtangazaji wake, kwa kidole. Hafsa akaacha muziki ukipiga, akatoka.

"Uweso yuko chini," Shabbar alisema. "Ana koleo la kukatia nyaya mkononi."

Ndani, mgeni wake Mastura alikuwa anajitengeneza ushungi, hana habari.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa la Shabbar, pale mtaa wa Usagara. Kutoka chumba kile nyaya za kebo zilikwenda nyumba kwa nyumba, zikipeleka muziki mchana kutwa: kwanza nyimbo za filamu za Kihindi, kisha taarabu, kisha vijana wa bongofleva. Nyaya nyingi alizitandaza Uweso, enzi hizo akiwa fundi wa Shabbar. Ila siku dada yake, Mastura, alipotokea kwenye stesheni hiyohiyo, amejipamba, anaimba mpasho, Uweso aliacha kazi. Wimbo ukawa unapigwa kila alasiri, na watoto wa kwao Pongwe wakawa wanamwimbia Uweso njiani kumdhihaki. Baba yao alifariki hasemi na Mastura. Mastura akaacha kuimba, na Uweso akaapa kwamba hatamsikia tena kwenye waya alioufunga yeye.

Sasa stesheni ilikuwa inafungwa. Watu wana simu. Hawamngoji mtu awachagulie wimbo. Hafsa alimbembeleza Mastura aje aimbe kwenye kipindi cha mwisho, naye akakubali.

"Mwambie asiimbe," Shabbar alisema. "Nusu shari kuliko shari kamili."

"Mzee, tumemtangaza wiki nzima."

"Yule namjua mimi. Hana masihara."

Hafsa alirudi ndani akamweleza Mastura yote. Hakuona haki kumficha. Mastura aliuvuta ushungi huku na huku.

"Mlango una komeo?"

"Lipo komeo, dada."

"Basi lifunge, tuanze."

Akaimba bila ala, macho ameyafumba. Ubeti wa kwanza haujaisha, televisheni ya ukutani ikajaa chenga. Shabbar, aliyejibanza pembeni, akajishika kichwa. Picha imekatika Usagara yote.

Mastura hakuona. Hafsa alitoa simu yake, akafungua ukurasa wake, akaanza kurusha mubashara. Siku zote Shabbar alimkataza jambo hilo. Simu, alisema, ndiyo mwuaji wake. Leo alimtazama tu.

Ngazi zikalia. Mlango ukatikiswa.

"Fungueni."

Mastura akafumbua macho. Hakuuacha wimbo. Mlango ukapigwa bega, ukapigwa tena, komeo likang'oka, na Uweso akaingia anahema, koleo mkononi.

"Nimeshakata," alimwambia dada yake. "Unamwimbia nani?"

Hafsa hakuishusha simu. Mastura aliendelea kuimba, anamtazama kaka yake usoni. Ndipo kutoka barabarani ikapanda sauti ya Mastura mwenyewe, imechelewa kidogo, kwenye simu ya mtu barazani. Ikafuata nyingine, ng'ambo ya barabara. Uweso akasogea dirishani. Alisimama pale, mgongo amewapa, mpaka wimbo ukaisha.

"Kaka," Mastura alisema, "nimemaliza. Kama una neno, sema."

Uweso aligeuka. "Baba angekuona leo..." Hakumalizia. Aliwapita wote akashuka ngazi, na hakuna aliyemfuata.

Mastura aliketi sakafuni akalia bila sauti, kisha akaomba maji.

Shabbar alikwenda kukaa karibu na simu ya ofisi, akawangoja wateja walalamike kwamba picha imekatika. Magharibi ikaadhiniwa. Hakuna aliyepiga.

"Mzee, niite fundi aje aunge?" Hafsa aliuliza.

Shabbar alinyoosha mkono akauzima mtambo.

"Acha, mwanangu," alisema. "Msindikize dada yako."