Tinti ya Kumfichia Mama

Mansur alitaka ile nyeusi kabisa. Fundi Abdulqadir alimwekea vipande vya tinti, karatasi ya kutilia vioo giza, kwenye kioo cha mlango wa nyuma, kimoja baada ya kingine: ya moshi hafifu, ya wastani, na ile nzito inayotiwa hapa Kismayo na wakubwa na wanaojifanya wakubwa. Kila mara Mansur alimketisha mamake ndani ya gari lake la Noah, akafunga mlango, akasimama nje na kukodoa macho kumtafuta. Kwa ile nzito hakuona hata ushungi wake. Akasema ni hiyo hiyo.

Fundi aliuliza mama aliyemo ndani anaonaje. Mansur akajibu kwa niaba yake kwamba anaona vizuri. Mwanabibi hakutaka kumwaibisha mwanawe mbele ya mtu, akaliacha jibu hilo lipite.

Tusimlaumu sana. Mwanabibi alikimbia vita hapa Kismayo mwaka wa tisini na moja, akakaa kambini, kisha Mombasa, na nyumba yake ya mawe karibu na bandari ikaingiwa na watu wengine. Mansur aliporudi kutafuta riziki, kila mtu alimwonya asiitaje nyumba hiyo. Mwanabibi mwenyewe akionekana pale mlangoni, itavuma kwamba amekuja kuidai, na waliomo wana bunduki. Lakini mama ana presha ya macho, daktari amemwambia nuru iliyobaki inakwisha, na haja yake katika dunia hii ilikuwa moja tu, aione nyumba yake kabla hajapofuka. Basi Mansur akamleta, roho mkononi.

Walipita asubuhi, polepole. Mansur alimtajia kila kitu: msikiti ule, kisima kile, na nyumba ile pale, mama, na mti wako wa mkungu ungaliko. Jasho lilimtiririka. Alipokata kona akashusha pumzi, akamtazama mamake kwenye kioo cha dereva. Alikuwa ameubandika uso kwenye tinti kama anayechungulia ndani ya mtungi.

"Ni wapi, mwanangu?" akauliza kwa Kibajuni chake. "Chumefika?"

Mansur alitaka kumwambia watajaribu tena kesho. Hakuweza. Aliuonea haya upumbavu wake: tinti zote alizijaribu akiwa nje, na hata moja hakuijaribu kutoka ndani. Akageuza gari, akasimama mbele ya nyumba, akashusha kioo cha mama mpaka chini.

Mwanabibi alitazama. Mlango haukuwa ule wake, ukuta ulipakwa rangi ya buluu, na mkungu alioupanda mwenyewe ulikuwa umelipita paa. Mwanamke wa rika lake akatoka na beseni la nguo. Wakatazamana uso kwa uso, na Mansur akaukaza mkono kwenye usukani. Yule mwanamke akamwamkia kwa Kisomali, kwa upole, akamwuliza kama amepotea, anamtafuta nani. Mwanabibi akamjibu kwa Kisomali hicho hicho kwamba hamtafuti mtu, anapumzika tu kivulini. Mwanamke akamwambia apumzike kwa raha zake, akaenda kuanika nguo zake.

Walipoondoka Mwanabibi alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya ushungi.

"Mansur," akasema, "karatasi hiyo kaivue. Hapa hapana mchu wa kunijua."