Njiwa Walioigandisha Kompyuta ya Ayzirek

Ayzirek alipoichomoa kompyuta mpakato yake mpya kwenye mkoba, Sagynbek, mpiga picha mwenzake, alicheka mpaka kofia yake ya manyoya ikamwangukia puani.

"Dada, hiyo ni kompyuta au sinia la chai?"

"Cheka tu. Lako wewe likiwekwa mezani, meza inaguna."

Miaka yote walizunguka harusi za mji wa Naryn, Kirigizistani, na lile dubwana la kompyuta la Sagynbek, na aliyelibeba mgongoni ni Ayzirek. Safari hii aligoma. Kazi ilikuwa ile ile: kupiga video ya bibi harusi akiagwa kwao asubuhi, kuihariri papo hapo, na kuionyesha ukumbini wageni wakishamaliza nyama.

Kukata na kuunga vipande kulikwenda vizuri ajabu. Ayzirek akaanza kujisikia. Ndipo akatokea Kulchoro, mjomba wa bibi harusi, mtu wa tumbo kubwa na amri nyingi. Alitaka njiwa waruke juu ya maharusi, mawaridi yadondoke, na hotuba yake ya asubuhi ya kumuaga bibi harusi iwemo yote, maandishi ya dhahabu yakipita chini.

Ayzirek akaweka njiwa. Kompyuta ikapata joto. Akaweka mawaridi, picha zikaanza kukwama. Maandishi ya dhahabu yalipoingia, kila kitu kikaganda, bwana harusi mdomo wazi, njiwa katua kichwani.

"Sikukwambia?" Sagynbek akanong'ona, furaha imemjaa.

"Haya, lete lako!"

"Liko nyumbani. Si ulikataa kulibeba?"

Ayzirek akatoka nayo mbio, akapindua beseni la bati juu ya theluji, akaiweka juu yake. Ikapoa, ikaamka, lakini kwa kujivuta. Ndani, sahani za nyama zilikuwa zimeanza kupita. Akafuta njiwa, mawaridi na dhahabu. Hotuba akaikata yote, akabakiza sentensi moja tu: "Mwanangu, ukichoka huko, njia ya nyumbani unaijua."

Video ilipoonyeshwa, ukumbi mzima uligeuka kuitazama. Mama wa bibi harusi akalia. Bibi mmoja akamgeukia Kulchoro. "Leo ndiyo mara ya kwanza umesema neno ukaishia hapo hapo!"

Kulchoro akamfuata Ayzirek, uso mwekundu.

"Njiwa wangu wako wapi?"

"Wameishinda mashine, mjomba. Kukata na kuunga inaweza. Njiwa haiwawezi."

"Na maneno yangu nani kayachagua?"

"Mimi."

Mzee akavuta kiti, akaketi kando yake.

"Hebu irudishe nione."

Akairudisha. Kulchoro akasogeza uso karibu na kioo, midomo ikicheza pamoja na sauti yake mwenyewe.

"Tena," akasema, na nyama ikapoa kwenye sahani ya Ayzirek.