Saimi Mbele ya Kamati ya Afya

Saimi Kiviniemi na mumewe Tauno wanakaa Marekani, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, huko ambako miti ni mingi kuliko majirani, na theluji huifunika barabara mpaka mtu asahau kama iliwahi kuwepo. Saimi ana presha. Daktari wake yuko mbali, mjini Duluth, kwa hiyo huzungumza naye kwa simu. Sauti tu, maana mtandao wa kwao hauna nguvu ya kubeba uso wa mtu. Gharama hulipwa na jimbo, kwenye ule mpango wa kuwatibu wasio na uwezo.

Sasa sheria iliyoruhusu malipo hayo ikakaribia kwisha muda wake. Muswada wa kuirefusha ukapelekwa Kamati ya Afya ya Seneti ya jimbo, na huko ukakutana na Seneta Brockhoff, mtu wa shingo nene na tai fupi.

"Hakuna uso, hakuna malipo," alisema. "Daktari anayesikia sauti tu, tutajuaje kama hamtibu kasuku?"

Saimi aliyasikia hayo redioni akiwa anakanda unga. Aliukanda kwa hasira hata mkate ukatoka mgumu kama tofali. Hapo hapo akapiga simu Saint Paul, makao makuu ya jimbo, aombe kutoa ushahidi.

"Karibu sana, mama," karani wa kamati akamjibu. "Utajiunga kwa video."

"Video sina, mwanangu. Hicho ndicho ninachotaka kuja kukisema."

"Nakuelewa, mama. Lakini kanuni zinataka shahidi aonekane."

Ikabidi autafute mtandao. Alizunguka na simu kaiinua juu, jikoni, ghalani, hadi kileleni mwa rundo la kuni. Akaupata mahali pamoja tu: ndani ya sauna, kile kibanda chao cha mbao cha kuogea mvuke, kwenye benchi la juu, kando ya kidirisha kinachotazama mnara wa kilimani.

"Jumatano asubuhi sauna ni yangu," akamwambia mumewe. "Usiiguse."

"Haya, haya," akaitikia Tauno. Tatizo ni kwamba Tauno huitikia hivyo kwa kila kitu, hasa akiwa hajavaa kile kifaa chake cha kumsaidia kusikia.

Jumatano Saimi akavaa blauzi ya kanisani, akajipaka poda, akaenda. Kufungua mlango, joto likampiga usoni. Tauno alikuwa amelikoleza jiko, mawe yaliyo juu yake yanafoka moto, kisha akaenda zake ziwani kuvua kwenye tundu la barafu. Muda wa kuzima haukuwepo. Kamati ilishamwita jina. Akapanda benchi la juu.

Alianza vizuri. Akaeleza theluji, akaeleza umbali. Lakini jasho halina adabu. Poda ikaanza kushuka kwa michirizi, blauzi ikamganda mgongoni.

"Mama Kiviniemi," mwenyekiti akamkatiza kwa upole, "unajisikia vizuri?"

"Vizuri sana, mheshimiwa."

"Umekuwa mwekundu, mama."

Brockhoff akaruka kama aliyekalia pini. "Mnaona? Huyu mama anaumwa mbele ya macho yetu! Kwa sauti tu, nani angejua?"

"Siumwi, baba! Niko sauna!"

"Na sasa anaweweseka!"

Ndipo mlango ukafunguka. Tauno akaingia kama alivyozaliwa, ndoo mkono huu, kitita cha matawi ya kujichapia mwili, desturi ya sauna, mkono ule. Macho yake yalikuwa bado hayajazoea giza. Akamwaga maji kwenye mawe. Tssssss! Kule Saint Paul, kwenye skrini kubwa ya ukutani, maseneta wakaona wingu jeupe. Wingu likatawanyika taratibu, likianzia chini.

"Saimi! Umeingia na nguo?"

"Tauno, toka! Maseneta wanakuona!"

"Nani wanaoana?"

"Maseneta! Wamo humu kwenye simu!"

Tauno akainama, akaichungulia simu. Ni mtu aliyelelewa vizuri. Amekuta watu, lazima awasalimu. Akajinyoosha wima.

"Hamjambo wote?"

Brockhoff alishajifunika uso kwa makaratasi. "Zima picha! Mwenyekiti, nakuomba, zima hiyo picha!"

"Seneta Brockhoff," mwenyekiti akauliza, "unapendekeza tuendelee kwa sauti tu?"

"Sauti tu! Sauti inatosha kabisa!"

"Karani, andika hivyo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Picha ikazimwa, na Saimi akamalizia ushahidi wake kwa sauti, huku nyuma yake Tauno akijichapa matawi, chwap, chwap. Hakuna neno lililowapita. Muswada ukapita, na Brockhoff mwenyewe aliinua mkono kuunga, bila kumtazama mtu.

Baadaye Saimi akamweleza Tauno yote.

"Walikuwa wengi?"

"Usiulize, mzee."

"Na wanawake walikuwemo?"

"Mwenyekiti ni mwanamke."

Akagoma kutoka nyumbani juma zima. Mwishowe kahawa ikaisha, akajikaza kwenda dukani, ambako habari yake ilishafika kwa redio. Alipoingia, maongezi yakakatika. Akina mama wakageukia rafu ya sabuni, mabega yakitikisika.

"Karibu, mheshimiwa," akasema mwenye duka.

Tauno akasimama katikati ya duka, kofia mkononi, akawatazama mmoja mmoja.

"Ningejua," akasema, "ningechana nywele."

Duka zima likapasuka kwa kicheko, naye akiwa kinara. Wakamvutia kiti, wakammiminia kahawa, na siku hiyo hakurudi nyumbani hadi jioni.